Bwaga Moyo: Neno Juu ya Mji wa Pwani na Hazina za Milima Yetu



Majuma machache yaliyopita mwalimu mmoja alitupatia daftari za wanafunzi wake tuzisome. Alikuwa amewapa insha yenye kichwa hiki: «Mahali ninapopenda kumpeleka mgeni.» Tulizisoma jioni, moja baada ya moja, na tuliona jambo lililotufikirisha. Karibu wote waliandika habari za bahari. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona bahari kwa macho yake, lakini waliandika juu ya mchanga mweupe, minazi, nyumba za wageni, ngoma za jioni, na picha zinazouzwa kando ya njia. Mambo hayo waliyaona katika simu za kaka zao.

Mmoja tu aliandika habari za kwao. Ni msichana wa Walikale aliyekimbia vita pamoja na bibi yake. Naye aliandika maneno machache: kwetu hakuna kitu cha kumwonyesha mgeni, ila matope, mwitu na vita.

Hatukumlaumu. Mtoto husema yale aliyoyaona. Lakini neno lake lilitukaa moyoni, na leo twataka kulijibu mbele ya wasomaji wote. Kwa maana twajua kwamba wako wengi wanaowaza kama yeye, hata watu wazima, hata sisi wenyewe siku nyingine. Basi tufunge safari kidogo. Twende kwanza huko pwani wanakotamani watoto wetu, tutazame vizuri kilichopo, kisha turudi nyumbani Masisi na Walikale tukiwa na macho mapya.

Mji uliotua mizigo

Tuuchukue mji mmoja ambao Wakatoliki wengi wa Afrika ya Mashariki wanaujua: Bagamoyo, katika nchi ya Tanzania. Uko kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi, ukielekeana na kisiwa cha Unguja. Leo wageni huenda huko kupumzika. Hulala katika nyumba zilizo karibu na mchanga, hula samaki, huwatazama wavuvi wakivuta majahazi, na jioni husikia ngoma.

Lakini zamani watu waliofika pale hawakwenda kupumzika. Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara. Njia hiyo ilianzia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji na Tabora, ikakata zaidi ya kilometa 1,000 kabla ya kufika baharini. Wapagazi walichukua pembe za ndovu mabegani kwa miezi mingi. Pamoja nao walitembea watumwa, na baadhi yao walikuwa wametolewa katika nchi ya Manyema, majirani zetu wa upande wa machweo. Hata lugha hii tunayoiandikia ilifika mashariki ya Kongo kwa njia hiyo hiyo, midomoni mwa watu wa misafara. Basi ndugu, njia ya Bagamoyo si habari ya watu wengine. Ni habari yetu.

Watu hulifasiri jina la mji huo kwa namna mbili. Wengine husema ni neno la wapagazi: hapa bwaga moyo, tua mzigo, safari imekwisha. Wengine husema ni neno la watumwa: hapa uache moyo wako, kwa kuwa mwili wako unavushwa bahari wala hutarudi tena. Jina ni moja, nalo lachukua furaha na msiba pamoja. Yafaa tulikumbuke, maana twaijua vema nchi ambayo jina lake lachukua furaha na msiba pamoja.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Unguja wakafungua misioni. Waliwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru, wakawafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Livingstone, uliochukuliwa na watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao kutoka bara, uliwekwa usiku mmoja katika kanisa la misioni hiyo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Nyumba ya zamani ya masista imekuwa makumbusho, na mgeni aweza kuona humo picha na vyombo vya siku zile. Nje kuna mbuyu mkubwa uliopandwa na wamisionari. Waongozi huwaonyesha wageni kipande cha mnyororo kinachotokeza katika shina lake. Husimuliwa kwamba mnyororo huo ulizungushwa kwenye mti zamani ili kumfungia punda, ukasahauliwa, na mti ukaendelea kukua mpaka ukaumeza. Mnyororo umemezwa na mti ulio hai: hakuna mgeni anayepita pale asisimame kidogo.

Mjini kuna nyumba za mawe zenye milango ya mbao iliyochorwa kwa patasi. Mafundi walichonga maua, minyororo na samaki, kila mmoja kwa mkono wake, hata mtu akipita njiani apate kujua cheo cha mwenye nyumba kabla ya kubisha hodi.

Haya yote hayakuuokoa mji. Mwaka 1891 Wadachi waliihamisha serikali yao kutoka Bagamoyo wakaipeleka Dar es Salaam, palipo na bandari yenye kina. Biashara ikafuata. Nyumba za mawe zikaanza kubomoka, mvua ikaingia ndani, na vijana wakaondoka kutafuta kazi. Kwa miaka mingi Bagamoyo ulikuwa mji ambao watu walipita bila kusimama. Bahari ilikuwapo, mchanga ulikuwapo, minazi ilikuwapo, wala havikutosha.

Nani aliyeleta ngoma pwani?

Hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha wanafunzi wetu. Mwaka 1981 serikali ya Tanzania ilifungua Bagamoyo chuo cha sanaa, cha kufundisha ngoma, muziki, michezo ya kuigiza, uchoraji na uchongaji. Chuo hicho leo huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kikaanzisha tamasha la kila mwaka, na watu wakaja kutoka nchi za mbali kutazama. Mwaka 2002 moto uliteketeza ukumbi wake wa maonyesho. Wenyewe hawakukata tamaa, wakajenga mwingine. Waliosoma pale wametawanyika katika nchi nyingi, na kando ya njia za mji wachoraji na wachongaji hufanya kazi yao.

Je, ngoma zile walizofundisha ni za wapi? Hapa watoto wetu watashangaa. Ziko za pwani, ndiyo, lakini nyingi zilitoka bara. Mmoja wa walimu wenye sifa kuliko wote alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa nchi kavu ya Dodoma, mbali kabisa na bahari, palipo na miiba, vumbi na ng'ombe. Alicheza ilimba, yaani kile kisanduku cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, na zeze. Rais Nyerere alimwita aje mjini. Baadaye akakaa Bagamoyo, akafundisha, akaimba Ulaya na Asia, na akafariki huko Bagamoyo mwezi wa Desemba 2003. Jamaa yake hawakuzika ilimba pamoja naye. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu ya nyimbo zao, nayo ikasikika katika nchi nyingi.

Vivyo hivyo vinyago vya Kimakonde, ambavyo mgeni huvinunua pwani akidhani ni vya pwani, asili yake ni nyanda za juu za kusini, katika mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Wachongaji walihama na patasi zao, wakaketi penye wanunuzi.

Basi tusikilize vizuri. Mgeni hufika pwani kwa ajili ya bahari, lakini kinachomkalisha siku ya pili na ya tatu ni kazi ya watu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilichukuliwa kutoka vijiji vya bara na watu wasioona haya kwa mambo ya baba zao. Zawose hakufika Bagamoyo kujifunza kuwa mtu wa pwani. Alifika na zeze la Wagogo mkononi. Kama angaliliacha Dodoma kwa aibu, Bagamoyo ungalikuwa na utajiri pungufu, naye angalikuwa mtu asiye na kitu cha kutoa.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu ni chema mahali pa wageni. Katika miji mingi ya pwani watoto huacha shule ili wawafuate watalii kuomba vijisenti. Ngoma iliyokuwa ya arusi hukatwa iwe ya dakika kumi, na kinyago kilichokuwa na maana hunakiliwa mara mia bila maana. Mahali pengine mvuvi hufukuzwa penye mchanga ambapo babu yake alivuta nyavu. Kitu kilichohifadhiwa kwa ajili ya fedha tu, fedha zikikoma, nacho hukoma. Kwa hiyo hatusemi: tuhifadhi mambo yetu ili tupate wageni. Twasema: tuyahifadhi kwa kuwa ni yetu, na mgeni akija atakuta nyumba yenye watu ndani.

Maji yetu na nyimbo zake

Sasa turudi nyumbani. Ni kweli kwamba hatuna bahari. Lakini ni nani aliyesema hatuna pwani?

Katika Masisi, nchi ya Bashali, kuna maziwa 4 ya Mokoto, na kubwa lake huitwa Ndalaga. Maziwa hayo yamelala kati ya milima ya majani mabichi kama maji yaliyokingwa katika kiganja. Mwaka 1954 watawa Watrapisti kutoka monasteri ya Scourmont, Ubelgiji, walifika hapo wakaanzisha monasteri ya Bikira Maria wa Mokoto. Walichagua mahali pale kwa sala na kazi, na watu walikwenda kwao kutafuta kimya. Hiyo nayo ni namna ya kubwaga moyo. Twajua pia msiba uliopapata: mwezi wa Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia katika monasteri waliuawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Twaandika jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa hatuwezi kusifu uzuri wa maziwa yale tukaficha damu iliyomwagika kando yake. Watu wa Bagamoyo hawakuficha minyororo. Waliiweka katika makumbusho. Nasi tusifiche.

Kusini, huko Sake, nchi ya Masisi yagusa Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina kina cha karibu meta 480, wala halina mamba wala kiboko. Pembeni mwake mna hatari nyingine ambayo wenyeji huiita mazuku: hewa mbaya itokayo ardhini na kutuama mabondeni, ambayo huua mtu na mbuzi bila kelele. Mzee wa Sake amjua adui huyo, naye huwaonya watoto wasishuke bondeni asubuhi mapema. Ujuzi huo pia ni urithi.

Usiku wavuvi wa Kivu hutoka na mitumbwi 3 iliyounganishwa kwa miti mirefu, na taa zao huonekana kwa mbali kama kijiji juu ya maji. Hupiga kasia kwa kuimba. Mmoja hutoa, wengine huitikia, na kasia hushuka pamoja na sauti. Wanachotafuta ni sambaza. Samaki hao hawakuwamo katika Ziwa Kivu tangu mwanzo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kwenye mwisho wa miaka ya 1950. Ona basi: samaki alikuwa mgeni, na watu wakamfanyia kazi na nyimbo. Sanaa si kitu cha kale tu kilichofungwa kabatini. Watu wakiwa hai, hata jambo jipya hulipatia wimbo.

Utendi wa mwitu wa Walikale

Sasa twamgeukia yule msichana wa Walikale. Mwanangu, uliandika kwamba kwenu hakuna kitu. Tusikilize.

Mwaka 1956, katika kijiji kimoja cha Wanyanga ndani ya mwitu wenu, mzee aliyeitwa Candi Rureke alisimama mbele ya watu akaanza kusimulia utendi wa Mwindo. Alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza kila mtu wa hadithi, akitikisa kibuyu chenye mbegu. Vijana walipiga vijiti, na watu wote wakaitikia nyimbo. Kwa desturi hakuna aliyeusimulia utendi huo wote kwa mfululizo. Msimulizi huchagua kipande kimoja kwa jioni moja. Lakini safari hii mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, alimwomba autoe wote ili uandikwe, na kazi hiyo ilichukua siku 12. Mwaka 1969 kitabu kilitolewa huko California, Marekani, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Kilitayarishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa lugha ya Kinyanga. Tangu wakati huo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wamekuwa wakisoma habari za Mwindo. Huko humhesabu pamoja na mashujaa wa tendi kubwa za dunia.

Habari yenyewe ni hii kwa kifupi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, aliamuru wake zake wazae wasichana tu. Lakini mke wake mpendwa akamzaa mvulana, Mwindo, ambaye alizaliwa akitembea na kusema. Baba akataka kumwua. Mikuki haikumpata, akazikwa, akatoka kaburini. Hatimaye baba alimtia katika ngoma iliyofungwa kwa ngozi, akaitupa majini. Ngoma haikuzama. Mwindo akasafiri ndani yake kwa njia ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, naye akamfungua.

Kisha Mwindo akarudi kwa vita, pamoja na wajomba zake, na Tubondo ukateketea kwa umeme. Baba akakimbilia chini ya nchi, kuzimu. Hapa msikilizaji hungoja kisasi. Mwindo alimfuata baba yake kuzimu, akavumilia kazi ngumu na majaribu, akampata, akamrudisha nyumbani. Waliokufa katika vita walifufuliwa. Na mbele ya mkutano wa watu wote, baba aliungama kosa lake bila kuficha. Mwindo hakumwua. Nchi ikagawanywa, kila mmoja akapata upande wake, wakakaa kwa amani.

Wala hadithi haikomi pale. Mwindo mwenyewe alikuwa na majivuno. Baadaye alimwua mnyama wa kutisha aliyekuwa rafiki wa Nkuba, yaani Umeme. Na Nkuba akamchukua juu, akakaa mwaka mzima akionjeshwa baridi ya mvua na ukali wa jua mpaka ujeuri wake ulipokwisha. Aliposhushwa, hakurudi tena na maneno ya kujisifu. Alirudi na amri kwa watu wake: walime vyakula vingi, wakae katika nyumba nzuri na kijiji kizuri, wasigombane, wasitamani mke wa mtu, wasimcheke mgonjwa apitaye.

Wasomaji wapenzi, soma tena amri hizo. Hakuna shaka kwamba Mungu hakuwaacha babu zetu gizani bila mwanga wowote. Hadithi hii si Injili, wala hatuilinganishi na Injili. Mna mambo ndani yake ya uchawi na ya kisasi. Lakini mtu aliyeisikia utotoni, kisha akasikia padri akisoma habari za baba aliyempokea mwana mpotevu, hatashangaa sana. Masikio yake yamekwisha kutayarishwa, ingawa huku ni mwana aliyemtafuta baba mpotevu. Na katika nchi yetu, ambako kijana hurithishwa kisasi kama shamba, je, si neno kubwa kwamba shujaa wa mwitu wa Walikale ndiye aliyekataa kumwua adui yake, kwa kuwa alitaka kumsikia akiungama?

Ni kweli pia kwamba watu wa Kanisa hawakuyatazama mambo haya kwa macho mema sikuzote. Wako waliodhani kila ngoma ni ya shetani, na wazee wengi walinyamaza kwa kuogopa. Kanisa lenyewe limefundisha vingine. Mwaka 1988 Roma ilikubali rasmi Misale ya majimbo ya Zaire, na tangu hapo Misa zetu zina nyimbo, mwendo wa kucheza na sala za kukumbuka wahenga wema. Aliyenyamaza kwa hofu sasa hana sababu ya kunyamaza.

Kazi iliyo mbele yetu

Lakini mzee Rureke alisimulia mwaka 1956. Hata siku zile wasimulizi walioujua utendi wote walikuwa wachache. Tangu hapo tumepita katika vita juu ya vita. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi, Sake na Goma mwezi wa Januari, na Walikale mwezi wa Machi. Watu walikimbia na magodoro kichwani, na wengi walikuwa wamekwisha kukimbia mara tatu au nne kabla ya hapo. Hatuwezi leo kuwaambia wageni: njooni Mokoto mpumzike. Tungekuwa tunadanganya.

Ila liko jambo moja la kuangalia. Mlango wa Bagamoyo waweza kuungua. Makumbusho yaweza kuibiwa. Wimbo ulio kichwani mwa bibi hauchukui nafasi katika mzigo wa mkimbizi, wala hakuna askari awezaye kuupora. Adui wake ni mmoja tu: kutokuulizwa. Bibi akizikwa bila kuulizwa, vita vimeshinda mara mbili.

Kwa hiyo twawaomba wazazi, walimu na wanafunzi mambo matatu.

La kwanza, ulizeni. Mwanafunzi achukue daftari moja, aketi karibu na mzee, aandike hadithi, wimbo, methali au jina la mmea wa dawa, kwa lugha ya mzee mwenyewe: Kihunde, Kinyanga, Kikumu, Kikano, Kinyarwanda, yoyote. Aandike jina la mzee, la kijiji chake, na siku ya kuandika. Asirekebishe maneno ayafanye ya kishule. Kama mna simu nyumbani, imwachie mzee aseme polepole, sauti yake ikae ndani. Lakini kwanza aombe ruhusa. Na mzee akisema jambo hili si la kila mtu, amheshimu.

La pili, jifunzeni kwa mikono. Kusuka mkeka, kufuma kikapu, kutega samaki, kuwamba ngoma: mambo hayo hayaingii daftarini. Huingia vidoleni, na vidole havifundishwi ila na vidole vingine. Kijana aketi kando ya fundi angalau siku za mapumziko.

La tatu, tusikilizane. Masisi ina makabila mengi, na maneno mabaya yamekwisha kutupotezea watu wengi. Parokia ikifanya sikukuu, wazee wa kila lugha wapewe nafasi ya kuimba, na wengine wakae kimya wasikie. Ni vigumu kumchukia mtu baada ya kuitikia wimbo wa mama yake.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hatukatazi watoto kutamani bahari. Mungu aliifanya nayo ni nzuri, na tunawaombea siku moja waione. Lakini waende kama alivyokwenda Mgogo yule, wakiwa na kitu mkononi.

Tulipomrudishia yule msichana daftari yake, hatukuandika alama. Tuliandika swali moja: «Bibi yako amjua Mwindo?» Juma lililopita mwalimu alituletea jibu. Bibi alicheka kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyemtuma mtoto kuuliza jambo hilo. Halafu akaimba. Msichana ameandika kurasa 4, na asema bibi hajafika hata kwenye ngoma kutupwa majini.

Twangoja kurasa nyingine. Na ninyi, wasomaji, kurasa zenu ziko wapi?

Mungu awabariki. Tuonane juma lijalo.